Nilivyoitwa King'ora

Wengi wenu mnanijua kwa jina la King'ora. Walionibandika jina hilo watasoma ukurasa huu, nami sina kinyongo nao. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila kwa kuwa wanafunzi wageni huniuliza kila siku kama baba yangu ni polisi au ni dereva wa ambulansi, nimeona heri nieleze chanzo chake mara moja, niwe nimemaliza. Katika kueleza hayo nitawapitisha Marekani, kwenye muziki uitwao jazi, kwa sababu huko ndiko ilikotoka dawa ya aibu yangu.

Babu yangu, mzaa mama, alipiga saksafoni katika bendi za hoteli jijini Nairobi miaka ya sabini. Siku hizi meno yake ya mbele yameng'oka yote, na mpiga saksafoni asiye na meno ni kama mpishi asiye na moto: mdomo haushiki. Basi ala yake ilikaa chini ya kitanda ndani ya sanduku jeusi mpaka nilipoivumbua nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mjomba alisema eti saksafoni si kitu cha msichana. Babu akamwambia kwamba New York alikuwako mwanamke aliyeitwa Mary Lou Williams, mpiga piano hodari, na kwamba katika miaka ya 1940 wanamuziki wakubwa wa kiume walikuwa wakienda nyumbani kwake mtaani Harlem kupiga, kusikiliza na kujifunza. Mjomba akanyamaza, nami nikaanza kupuliza.

Mwaka jana nilipokuwa kidato cha pili, siku ya wazazi ikafika. Tulikuwa watatu: mmoja kwenye kinanda, mwingine kwenye ngoma, nami na saksafoni. Tulichagua wimbo wa Charlie Parker uitwao "Now's the Time", aliourekodi mwaka wa 1945. Ni wimbo mfupi, na sauti yake kuu ni kijipande kimoja kinachorudiwarudiwa, hata mtoto mdogo anaweza kukishika. Nilikuwa nimesikia kwamba katika jazi, wimbo ukishapigwa kama ulivyo, mpigaji huachiwa nafasi abuni ya kwake papo kwa papo, kisha wote hurudia wimbo na kumaliza. Mimi nilidhani kubuni ni kupiga chochote kidole kinachoangukia. Lo! Kutojua ni usiku wa giza.

Raundi ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikakwenda. Wazazi wakaanza kutikisa vichwa, nami nikalewa sifa. Raundi ya tatu nikafumba macho, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Nilipoyafumbua, mwenye kinanda alikuwa amekwisha kurudi mwanzo wa wimbo, mimi niko katikati, na mpiga ngoma ananitazama kama abiria aliyeachwa na matatu. Tukagongana. Kinanda kikanyamaza, ngoma ikanyamaza, ikabaki saksafoni yangu peke yake ikilia wii-wo, wii-wo. Sauti moja kutoka viti vya nyuma ikapaaza, "Pisheni, king'ora!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mwalimu wa zamu, aliyesimama ili awatulize watu, aliinama ghafla akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nilifika nyumbani, nikalirudisha sanduku chini ya kitanda na kumwambia babu kwamba mimi na saksafoni basi. Mama alisikia. Si mnajua mambo ya karo? Muhula ule tulikuwa na deni, na kila Ijumaa nilikuwa nikiulizwa habari zake. Mama akasema, "Kama haipigwi, ni ya nini? Kuna mtu mjini ananunua vitu kama hivi." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

Babu alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mpe mpaka muhula wa pili mwaka ujao. Akiwa bado hajui, iuze." Akanigeukia. Huniita Mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Mama, keti nikuambie habari ya kijana aliyetupiwa toazi."

Kijana huyo ndiye Charlie Parker mwenyewe. Alizaliwa mwaka wa 1920, akakulia Kansas City. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1936, akiwa na umri kama wangu huu, alipanda jukwaani katika klabu iliyoitwa Reno ili apige pamoja na watu wa bendi ya Count Basie. Alianza vizuri, akajaribu madoido, akapotelewa na wimbo. Mpiga ngoma Jo Jones akachukua toazi lake la shaba akalitupa sakafuni, ng'aang'! Hiyo ilikuwa lugha ya kusema shuka. Watu wakacheka, kijana akashuka.

Nilimwuliza babu kama alilia. Akasema hayo hakuambiwa, ila anajua alichofanya baadaye. Katika kiangazi cha mwaka wa 1937 Parker alipata kazi katika bendi moja kwenye milima ya Ozark, akaenda na santuri za Count Basie ambamo Lester Young alikuwa akipiga saksafoni. Huko alizisikiliza solo za Young mpaka akazijua zote kwa moyo. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1954, aliulizwa redioni juu ya ujuzi wake, akaeleza kwamba kwa miaka mitatu au minne alikuwa akifanya mazoezi saa kumi na moja hadi kumi na tano kila siku. Mimi nilikuwa nikifanya nusu saa, tena nikiwa naangalia saa.

"Sasa sikiliza," babu akasema. "Anayeijua njia huchepuka. Asiyeijua hupotea. Wewe hukubuni kitu pale shuleni. Ulipotea."

Akaninyoshea mkono wake wa kushoto. Wasomaji, nanyi nyosheni mikono yenu. Tazama vidole vinne, ukiacha kidole gumba. Kila kidole kina pingili tatu. Vidole vinne mara pingili tatu ni kumi na mbili, na "Now's the Time" una vipimo kumi na viwili. Kila kipimo kina mapigo manne, kwa hivyo raundi moja ni mapigo arobaini na manane, hakuna la zaidi wala la pungufu. Kidole gumba hutembea juu ya pingili za juu kutoka kidole cha shahada hadi cha mwisho: huo ni mstari wa kwanza. Kisha pingili za katikati, mstari wa pili. Kisha za chini, mstari wa tatu.

Chini ya kila kipimo kuna kodi. Si ile ya serikali. Hii ni sauti tatu au nne zinazopigwa pamoja, nazo ndizo sakafu ambayo mwenye solo hukanyaga. Kwa ufupi, mstari wa kwanza uko nyumbani. Wa pili hutoka ukaenda kwa jirani, kisha hurudi. Wa tatu huenda mbali zaidi, kisha hurejea nyumbani ili raundi nyingine ianze. Mpiga jazi anapobuni, mwenzake wa piano na wa besi wanaendelea na safari hiyo hiyo, na raundi ikiisha inaanza tena. Yeye anaweza kupiga sauti nyingi au chache, anaweza kuchelewa kidogo au kukimbia, anaweza hata kunyamaza, lakini lazima ajue yuko pingili gani. Mimi siku ile sikujua hata kama nina mkono.

Wanachama wenzangu, jambo hili halifai kutushangaza. Mwalimu anapotuambia tutunge tarbia yenye mizani kumi na sita kila mshororo, nani kati yetu husema amefungwa kamba? Mizani na vina vimekwisha kupangwa, lakini maneno ni yetu. Na ukisoma malumbano ya washairi magazetini, utaona mtu akimjibu mwenzake kwa vina vile vile na mizani ile ile, shairi likawa jipya kabisa.

Wapigaji wa bibopu, yaani jazi ile ya kasi iliyochipuka New York mwanzoni mwa miaka ya 1940, walifanya vivyo hivyo. Walikuwa wakikutana usiku katika klabu ya Minton's Playhouse huko Harlem, Thelonious Monk akiwa kwenye piano na Kenny Clarke kwenye ngoma. Walichukua nyimbo zilizojulikana na kila mtu, wakaacha sakafu ya kodi palepale, wakajenga nyumba nyingine juu yake. "How High the Moon" ulikuwa wimbo wa mchezo wa jukwaani wa mwaka wa 1940. Juu ya kodi zake ukatungwa "Ornithology", maana yake elimu ya ndege, kwa kuwa Parker aliitwa Bird. Siku ile ile waliporekodi "Now's the Time", tarehe 26 Novemba 1945, walirekodi pia "Ko-Ko", ambao sakafu yake ni "Cherokee", wimbo wa Mwingereza Ray Noble wa mwaka wa 1938. Tena kulikuwa na faida ya mfukoni: haki ya mtunzi ilishika sauti kuu ya wimbo, haikushika mfuatano wa kodi, kwa hivyo aliyeweka sauti mpya alihesabiwa mtunzi.

Basi nikapiga moyo konde. Babu ana santuri moja ya Parker ambayo mgeni wa hoteli alimwachia zamani, na humo mna "Now's the Time" alivyourekodi upya mwaka wa 1953. Kila jioni baada ya kuosha vyombo nilisikiliza kipande kidogo, nikakiimba, nikakitafuta kwenye saksafoni. Babu alikataa katakata nipulize kitu nisichoweza kukiimba. Ilinichukua miezi miwili na zaidi. Majirani walivumilia mengi, Mungu awabariki. Hatimaye solo yote ikaniingia, toka mwanzo hadi mwisho, hata mahali ambapo Parker anavuta pumzi.

Nikampigia babu. Nilitarajia angalau kofi moja la pongezi. Wapi! Alimaliza chai yake polepole, akasema, "Huyo ni Parker. Wewe uko wapi?"

Niliumia kuliko siku ile ya king'ora. Na kama vile haitoshi, wiki iyo hiyo tulirudishiwa insha. Ninyi mnaijua insha yangu. Ndiyo ile ianzayo kwa jua kuchomoza kutoka machweo yake kama tufe la dhahabu huku ndege wakitumbuiza. Nilikuwa nimeitumia kwa harusi, nikaitumia kwa ajali ya barabarani, na sasa nilikuwa nimeitumia kwa mazishi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amezungushia kalamu nyekundu neno "machweo" na kuandika pembeni: "Jua huchomoza mawioni! Tena kanda hii nimeisikia mara tatu. Wewe unasemaje?"

Nilikaa na daftari lile mapajani nikashangaa. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana wameniuliza swali moja.

Nilimwendea babu nikamwambia kwa hasira kidogo kwamba yeye ndiye aliyeniambia nikariri. Parker mwenyewe si alikariri Lester Young? Babu akasema, "Ndiyo. Lakini uliwahi kumsikia Parker akipanda jukwaani kuwa Young?" Akaniagiza nichukue simu ya mama nitafute "Now's the Time" ule wa kwanza wa mwaka wa 1945, niusikilize pamoja na wa 1953.

Wasomaji, fanyeni hivyo siku moja. Wimbo ni ule ule, mtunzi ni yule yule, hata mpiga ngoma ni yule yule, Max Roach. Ule wa kwanza unakwenda mwendo wa kutembea, na yumo Miles Davis kwenye tarumbeta akiwa na umri wa miaka kumi na tisa tu. Ule wa pili unakwenda kasi, hauna tarumbeta. Na solo ya Parker si ile. Miaka minane imepita na mtu hajirudii hata yeye mwenyewe! Ilhali ukihesabu kwa pingili, mara zote mbili anafika nyumbani kwa wakati.

Babu akanituma kwenye wimbo mwingine, "A Night in Tunisia", ambao Dizzy Gillespie aliutunga mwanzoni mwa miaka ya 1940. Parker aliurekodi mwaka wa 1946, na kuna mahali wenzake wote wananyamaza kwa vipimo vinne, naye anamimina sauti kama mahindi yanayomwagika kutoka guniani, kisha anatua hasa pale wenzake wanapomngoja. Mwaka wa 1951 Bud Powell akaupiga kwa piano, besi na ngoma tu. Mwaka wa 1957 Sonny Rollins akaupiga katika klabu ya Village Vanguard bila piano kabisa, saksafoni ikibaki na besi na ngoma, na msikilizaji anazijua kodi ingawa hakuna anayezipiga zote pamoja. Mwaka wa 1960 Art Blakey akaufanya uwanja wa ngoma. Hakuna aliyeuharibu. Kila mmoja aliujua barabara, kisha akauliza ndani yake ni wapi pana nafasi yake.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kukariri si dhambi, dhambi ni kukomea hapo. Solo ile ya miezi miwili haikwenda bure. Ilikuwa imenifundisha vichochoro: jinsi Parker anavyoizunguka sauti moja kwa juu na kwa chini kabla ya kuigusa, jinsi anavyopita kwenye sauti zisizo za kodi ili afike kwenye ya kodi juu ya pigo lenyewe. Babu akanipa kazi mpya. Niliruhusiwa sauti tatu tu kwa raundi nzima. Kesho yake nipige vipimo viwili na kunyamaza viwili. Keshokutwa nichukue neno la mwisho la raundi iliyopita nianze nalo raundi mpya, kama mtu anayejibu swali. Kwa insha pia nilijaribu. Nilipoandika juu ya mazishi tena, niliacha jua likae lilipo, nikaanza na viatu vya mama ambavyo alimwazima jirani asiye na viatu vyeusi. Sikupata alama nyingi sana, lakini kalamu nyekundu iliandika: "Endelea."

Muhula wa pili mwaka huu chama chetu kikafanya siku yake, nami nikaomba nafasi. Walioniona nikipanda na sanduku lile walianza kucheka kabla sijalifungua. Wenzangu walikuwa wale wale wawili, kwenye kinanda na kwenye ngoma. Mama alikuja, akaketi na babu safu ya nyuma karibu na mlango. Niliogopa mpaka mate yakakauka.

Tukapiga wimbo kama ulivyo mara mbili. Raundi yangu ya kwanza niliipiga kwa sauti chache. Ya pili nikaongeza. Ya tatu, raundi ile ile iliyoniangusha, sikufumba macho. Nilimtazama babu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti, na kidole gumba kinatembea.

Sasa, Parker alikuwa na desturi moja ambayo sijaitaja. Katikati ya solo alipenda kuchomeka kipande cha wimbo mwingine ambao kila mtu anaujua, tena kikakaa vizuri juu ya kodi zilizopo, watu wakacheka kwa raha. Nilikuwa nimejiuliza kwa wiki nyingi ni wimbo gani ambao shule yetu nzima inaujua. Kidole gumba cha babu kilipofika pingili ya tisa, mwanzo wa mstari wa tatu, nikapiga wii-wo, wii-wo.

Ukumbi ukalipuka. Nikaipiga tena katika kipimo cha kumi, chini kidogo, ili ikae juu ya kodi ya hapo, nikaivunja vipande katika cha kumi na moja, na katika cha kumi na mbili nikashuka nayo mpaka nyumbani. Kinanda kikarudi mwanzo nami nikarudi mwanzo, sote watatu kwa pigo moja. Kicheko kilikatika, kikageuka kuwa makofi. Nadhani wengine walikuwa wakihesabu.

Jina la King'ora bado ninalo, wala siombi libadilishwe. Mama hajauliza tena bei ya saksafoni. Karo tunailipa kidogo kidogo, na sanduku liko juu ya kabati, si chini ya kitanda.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani babu hakusema neno mpaka tulipofika kwenye kona ya mtaa wetu. Hapo akasimama ili apumue, akaniambia, "Raundi ya tatu ulichepuka, Mama."

"Lakini nilirudi, babu," nikasema.

Akaangalia mkono wake wa kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya pingili ya mwisho.

"Ulirudi," akasema. "Kesho tuanze 'Ornithology'."